Pesa ya Pindoni

Mama yangu mdogo hana pochi. Pesa yake huifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu ambalo hata mwenyewe hulifungua kwa meno. Nilipokuwa mtoto nilidhani fundo lile lina uganga, maana kila likifunguliwa kitu kilibadilika nyumbani: mara daftari, mara mafuta ya taa, mara viatu vya shule vya binti yake, ambaye baba mtu alishaamua kwamba darasa la saba linamtosha. Uganga wenyewe ulikuwa mwani, ule mmea wa baharini.

Nimemkumbuka kwa sababu majuzi nilikaa kwenye semina hotelini, kiyoyozi kikali mpaka watu wanajikunyata, na kwa saa tatu nikaambiwa kwamba ujasiriamali huleta mabadiliko chanya katika jamii. Tukapewa begi, kalamu na chai ya saa nne. Jinsi mabadiliko hayo yanavyoingia ndani ya nyumba ya mtu hakuna aliyegusia. Mama mdogo hajawahi kujiita mjasiriamali hata siku moja. Ukimuuliza kazi yake atakujibu, "Nalima mwani," basi.

Basi tuanze na mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliusoma mmea huu tangu miaka ya 1970, lakini kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na Paje na Jambiani zikawa miongoni mwa pwani za mwanzo. Kabla ya hapo mwanamke wa pwani hizi alikuwa na usumba. Unafukia makumbi ya nazi kwenye tope, unangoja miezi yaoze, unayafukua yakinuka kinyaa, unayaponda kwa gongo mpaka nyuzi zitoke, halafu unakaa kusokota kamba. Pesa yake ilitosha chumvi na kiberiti. Mwani ulipokuja wanaume nao waliujaribu, wengi wakauacha: wakarudi baharini kuvua au wakafuata kazi za hoteli, wakiona malipo hayalingani na mgongo unavyouma. Wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Zanzibar hutajwa kuwa zaidi ya 20,000, na kama wanane katika kila kumi ni wanawake.

Kazi yenyewe hufuata mwezi. Maji mafu, yasiyopwa sana, unakaa nyumbani. Bamvua likiingia, maji yakapwa mpaka mbali, kundi zima linashuka na ndoo na vigingi, nguo zimeloa mpaka kifuani. Kamba inatandazwa kati ya vigingi viwili, na kila baada ya kiasi cha shubiri moja unafunga kipande cha mbegu kwa taitai, yaani uzi mfupi wa kufungia. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba kichwani, unaanika. Kilo saba au nane za mwani mbichi hukupa kilo moja ya mkavu. Mvua ikinyesha wakati umeanika, hasara yako. Kuna kuchomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, kuna macho mekundu kwa mng'ao wa jua juu ya maji, na kuna kiuno, ambacho mama mdogo hukitaja kama anayemsema wifi yake.

Mwanzoni kijijini kwetu palizuka maneno. Chakula kinachelewa. Mke hatulii. Wapo walioambiwa wachague, mwani au ndoa, na nakumbuka jirani mmoja aliyechagua mwani bila hata kutua ndoo kichwani. Kisha nyumba za makuti zikaanza kuezekwa mabati, na ukiuliza bati la nani unaambiwa la mama. Maneno yakapungua yenyewe. Siku moja nilikuwepo barazani baba mdogo alipokuja kuomba mkopo wa nyavu. Alikaa, akakohoa mara mbili, akauliza habari za bamvua, jambo ambalo halikuwahi kumhusu, kisha akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kwa sauti laini ambayo sijaisikia tena. Mama mdogo alimwacha amalize. Akafungua fundo kwa meno, akahesabu, akafunga. "Utarudisha lini?"

Hilo swali ndilo mabadiliko ninayoyajua mimi. Halikuletwa na warsha ya jinsia wala bango la barabarani, na sisemi hivyo kuzidharau warsha. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kupewa akianza kukopesha, hata mkao wake kwenye mkeka hubadilika. Ndiyo maana sishangai sana biashara imeuza nini au imepata tuzo gani. Nauliza pesa imelala wapi usiku. Ikilala mahali ilipokuwa ikilala siku zote, jamii haijabadilika. Kilichoongezeka ni pesa.

Siku hizi pindo limehamia kwenye simu. Safaricom walipoianzisha M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007, watu walisifu wepesi wa kutuma pesa kijijini. Mimi naona namba ya siri ilikuwa na uzito wake peke yake: ni fundo ambalo hata mwenye meno makali halifungui. Wachumi Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti waliochapisha mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo kwenda kwenye biashara. Wapo wataalamu waliozipinga hesabu hizo, na malumbano yao ni halali. Lakini muuza maandazi yeyote atakwambia tofauti ya akiba iliyo chini ya godoro, ambapo kila mwenye shida nyumbani anapajua, na akiba iliyo nyuma ya tarakimu nne.

Sasa upande ambao kwenye semina hausemwi.

Mama mdogo amelima mwani zaidi ya miaka ishirini na bado ni maskini. Si maskini yule wa usumba, lakini maskini. Mwani wake unasafirishwa nje, unatolewa karajinani, ile inayoifanya dawa ya meno ishikamane, na aiskrimu isiyeyuke upesi, na sehemu kubwa ya thamani inazaliwa huko. Yeye hulipwa kwa kilo ya mkavu, na kwa miaka mingi kilo hiyo imekuwa shilingi mia kadhaa tu. Mtindo wa zamani ulikuwa huu: mnunuzi anakupa kamba na taitai, nawe unafungwa kumuuzia yeye peke yake kwa bei aliyoitaja yeye. Wakala anafika, anachukua gao moja la mwani, analikung'uta, anatazama mchanga ulioanguka, anakunja uso. Hapo bei imeshashuka kabla gunia halijainuliwa.

Bahari nayo haikusaidia. Mwani unaolimwa huku hasa ni wa aina mbili, kotonii wenye bei nzuri na spinosamu wa bei ya chini. Maji ya kina kifupi yalivyozidi joto, kotonii ikaanza kuoza kambani, na wengi wakabaki na spinosamu. Kotonii inataka maji ya kina na baridi, na kina kinataka vitu viwili: chombo cha majini na kuogelea. Mwanamke wa pwani amezaliwa hatua mia kutoka majini na hakufundishwa kuogelea. Nungwi kuna mradi wa Panje, unaowafundisha wasichana kuogelea wakiwa na nguo za stara. Watu huupiga picha kama jambo la michezo. Mimi nauhesabu kuwa mtaji.

Kwa hiyo mtu akija kumwambia mama mdogo "badilisha fikra" namwona kama anamtukana. Fikra anazo. Alichokosa ni chombo, mashine ya kusagia na sauti kwenye bei. Mtafiti wa bahari Dk. Flower Msuya alilielewa hili mapema. Tangu 2006 amekuwa akiwakutanisha wakulima, watafiti na serikali, na miongoni mwa yaliyotoka humo ni vikundi vya kuongeza thamani: mwani unasagwa unga, unachanganywa na mafuta ya nazi, magadi ya sabuni na mafuta ya karafuu au mchaichai, unamiminwa kwenye kibao, unakatwa, unaachwa wiki kadhaa ukomae. Kipande kimoja cha sabuni hiyo, kinachoenea kiganjani, mtalii hukinunua kwa pesa ambayo mkulima angeipata kwa kilo kadhaa za mwani mkavu. Na ndani yake mwani wenyewe ni vijiko tu.

Sitii chumvi. Sabuni haiwezi kumeza mwani wote wa kisiwa, na watalii wakipotea, kama ilivyokuwa 2020, sabuni inakaa kwenye rafu. Tangu mwaka huo Zanzibar ina wizara yenye uchumi wa buluu katika jina lake, na nitaipima kwa kitu kimoja tu: mkulima anapata nini kwa kilo moja.

Kikundi cha mama mdogo kilipogawana faida ya kwanza ya sabuni, wanawake kumi na moja, walibishana jioni nzima. Mmoja alitaka cherehani, mwingine alitaka wagawane tu kila mtu aende zake, sikukuu imekaribia. Mwishowe wakanunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Mimi, msomi wao, niliwaambia wangenunua lebo nzuri za sabuni. Wakaniangalia kwa huruma.

Bamvua lililofuata nilikuwa huko. Wakala alikuja na mizani yake kama kawaida, akapima gunia la kwanza: kilo 41. Mama mdogo akasema, "Subiri mwanangu," akaitundika ya kwao kwenye tawi la mkungu. Kilo 46. Wakala akasema mizani yao mpya haijakaa sawa. Wakampimia gunia la sukari la dukani lililoandikwa 50, ikasoma 50. Akalitundika hilo hilo kwenye yake, akatazama, akafuta jasho. Walibishana mpaka alasiri ikaadhiniwa, akalipa kwa kilo 45, na kwa yale magunia mengine yote hakuitoa tena mizani yake garini.