Fiji: ardhi ilibaki, jasho likaagizwa India

Panapozuka mjadala wa ukoloni na ardhi, Fiji huitwa kama shahidi wa upande wa utetezi. Visiwa hivyo vya Pasifiki vilitawaliwa na Uingereza kwa miaka 96, tangu machifu walipotia saini hati ya kuikabidhi nchi tarehe 10 Oktoba 1874 hadi uhuru mwaka 1970, na bado zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ilibaki mikononi mwa wenyeji. Kwa Mkenya ambaye ardhi ya babu zake iliingizwa katika milki ya Mfalme kwa sheria ya mwaka 1915, habari hii ni ngeni kabisa. Je, kumbe palikuwa na ukoloni wenye huruma?

Tuanze na wanaosema ndiyo, maana hoja yao si nyepesi. Arthur Gordon alipofika kuwa gavana mwaka 1875 alikuta nchi yenye matanga. Chifu mkuu Cakobau alikuwa amerudishwa kutoka Sydney kwa meli ya kivita, na meli hiyo ilileta surua bila karantini yoyote. Watu wapatao 40,000 walikufa, zaidi ya robo ya taifa zima. Wakati huohuo walowezi walikuwa wakidai zaidi ya ekari 800,000 walizosema wamenunua kwa machifu, nyingine kwa bunduki na pombe. Tume iliyachunguza madai hayo na kukubali takriban nusu tu. Ardhi iliyosalia ikatangazwa kuwa mali ya koo, yaani mataqali, na ikapigwa marufuku kuuzwa.

Gordon akageukia kodi. Badala ya kudai fedha, jambo ambalo lingewasukuma wanakijiji kwenda kuwa vibarua wa mlowezi, alikubali kodi ilipwe kwa mazao: mbata, pamba, mahindi. Serikali iliyauza kwa zabuni, na bei ikizidi kiwango cha kodi, ziada ilirudi kijijini. Wafanyabiashara waliochukia mpango huo walikuwa na sababu, kwani uliwanyang'anya uwezo wa kumpangia mwanakijiji bei ya mbata yake. Nikilinganisha na kodi ya kibanda ya Afrika Mashariki, iliyokusudiwa hasa kumtoa mtu shambani kwake, nakiri kwamba hapa palikuwa na fikra tofauti.

Tena haikuwa hesabu tupu. Mwaka 1905 gavana mwingine, Everard im Thurn, alifungua mlango wa kuuza ardhi ya wenyeji. Gordon, mzee sasa na akikaa katika Bunge la Malodi la Uingereza kwa jina la Lord Stanmore, alipambana naye hadi mlango ukafungwa tena. Ahadi aliyokuwa ameitoa, kwamba ardhi hiyo haitauzwa, aliiamini.

Lakini ulinzi huo ulikuwa na kuta. Mfiji aliwekwa chini ya machifu waliolipwa mshahara na serikali, na kanuni zilimbana asitoke kijijini kwake apendavyo. Umiliki wa ardhi uliokuwa ukitofautiana kisiwa kwa kisiwa ulisawazishwa kwa mfumo mmoja wa mataqali, kisha ukaitwa mila tangu enzi. Wala watu hawakupona kwa kulindwa: sensa ya mwaka 1881 ilihesabu Wafiji karibu 115,000, na ya mwaka 1921 chini ya 85,000.

Swali kubwa zaidi ni nani aliyelipa gharama. Koloni lilitakiwa kujitegemea kwa mapato, na zao lenye fedha lilikuwa miwa. Ikiwa Mfiji haguswi, miwa atakata nani? Gordon alikuwa ametawala Trinidad na Mauritius, na jibu alikuja nalo. Mei 1879 meli Leonidas ilitia nanga ikiwa na zaidi ya Wahindi 460. Kufikia mwaka 1916 walikuwa wameletwa zaidi ya 60,000. Tungewaita manamba, neno tulilowapa watu wa mashamba ya mkonge. Mkataba wa miaka mitano waliuita girmit, kwa jinsi walivyolitamka neno la Kiingereza agreement. Malipo yalikuwa shilingi moja kwa siku kwa mwanamume, peni tisa kwa mwanamke, na hayo ni kama umemaliza kipande cha kazi ulichopimiwa. Kambi walikolala waliziita narak, jehanamu. Nauli ya bure ya kurudi kwao ilikuwa ni baada ya miaka kumi.

Ndiyo maana siwezi kuiweka sera ya ardhi kwenye ukurasa wa mema na sera ya vibarua kwenye ukurasa wa mabaya. Ni sera moja. Ardhi ya Mfiji iliweza kuachwa kwa sababu mikono ilipatikana Calcutta na Madras. Kenya nako Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa, lakini kujenga reli; mashambani mlowezi alimtaka Mwafrika, na njia ya kumpata ilikuwa kumpunguzia ardhi. Mtazame Philip Mitchell. Huyu alikuwa ofisa Tanganyika, gavana wa Uganda, gavana wa Fiji kuanzia mwaka 1942, kisha gavana wa Kenya kuanzia mwaka 1944. Suva, mji mkuu wa Fiji, alisimamia sheria iliyomzuia mzungu kununua ardhi ya mwenyeji, na Nairobi akasimamia nyanda za juu zilizotengewa wazungu. Moyo wake haukubadilika baharini.

Biashara nayo ilielekea mkono mmoja. Kampuni ya sukari ya CSR ya Sydney iliingia mwaka 1880, na kufikia mwaka 1926 kila kinu nchini kilikuwa chake. Mkataba wa kibarua ulipokwisha, Mhindi alikodi shamba, akalima miwa na kuiuza kwa mnunuzi pekee kwa bei ya mnunuzi. Mwaka 1943, Mitchell akiwa gavana, wakulima waligoma kuvuna. Ilipofika karibu na uhuru ndipo jaji wa Kiingereza, Lord Denning, alipoamua mkulima apate asilimia 65 ya mapato ya sukari. Kampuni ikasema haiwezi, na mwaka 1973 ikaondoka.

Mikataba ya kukodi mashamba, ya miaka 30 kwa sheria ya mwaka 1976 na ile iliyoitangulia, ilianza kuisha mwaka 1997. Maelfu ya familia zilihama. Mwenye mataqali anasema ardhi ni yake, na sheria tangu enzi za Gordon inamthibitishia. Mjukuu wa girmit anasema babu yake aliifyeka, baba yake aliilima, naye amezaliwa hapo. Wote wawili wanasema kweli, na aliyewakutanisha kwenye shamba moja hakuwauliza yeyote kati yao.