Chumvi ya tangi la baharini: 35 au chini yake?

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa baharini wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoweka maji kama yalivyo baharini, gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, ambazo kwa haidromita, kifaa kinacholinganisha uzito wa maji hayo na ule wa maji safi, ni 1.026 hivi maji yakiwa na joto la nyuzi 25. Wapo pia, hasa wauzaji, wanaoshusha hadi 1.020 au chini zaidi, na wana sababu zao.

Sababu ya kwanza ina mashiko. Damu ya samaki wa kawaida wa baharini ina chumvi karibu theluthi tu ya ile ya bahari. Kwa hiyo maji humtoka mwilini bila kukoma kupitia matamvua, naye hulazimika kunywa maji ya bahari kutwa kucha na kuitoa chumvi ya ziada kwa nguvu zake mwenyewe. Ukipunguza chumvi ya tangi, unampunguzia kazi hiyo. Samaki aliyefika dukani amechoka, baada ya safari ndefu ndani ya mfuko wa plastiki, anaihitaji nafuu hiyo.

Hoja ya gharama naiona nyepesi. Tangi la lita 200 linahitaji kilo 7 hivi za chumvi kufika 35. Ukiliweka kwenye 28, yaani 1.021 hivi kwa haidromita, unatumia kilo 5.6.

Inayopotosha wengi ni ya tatu, kwamba chumvi pungufu huzuia ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake, Cryptocaryon irritans, kweli hufa chumvi ikiwa ndogo sana. Lakini tiba hiyo hufanywa kwenye 1.009 hivi, kwa wiki kadhaa, katika tangi la pembeni, huku kipimo kikiangaliwa kila siku. Kwenye 1.020 kimelea kinaendelea kuzaliana, na mwenye tangi amelala akidhani ana kinga.

Halafu kuna viumbe wasio samaki. Matumbawe, kamba, kiti cha pweza na jongoo bahari hawawezi kudhibiti chumvi ya mwilini kama samaki. Chumvi ya nje ikishuka ghafla, maji huwajaa. Matumbawe yana shida nyingine juu ya hiyo: hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, na maji ya 35 yana miligramu 420 hivi kwa lita. Kwenye 28 zinabaki kama 336, na magnesiamu nayo inapungua vivyo hivyo.

Kwangu mimi, tangi lenye matumbawe ni 35, basi. Tangi la samaki watupu laweza kukaa 1.022 na wakaishi vizuri, ila siku utakapotaka kuongeza kamba mmoja tu itabidi uipandishe chumvi polepole kwa siku kadhaa, maana samaki huvumilia kushushwa kuliko kupandishwa. Kabla ya kununua, muulize muuzaji maji yake yanasoma ngapi.

Wanaochota maji baharini nao wapime kila mara. Wakati wa masika Mto Sabaki hufika Malindi na maji mengi, na Rufiji hufanya hivyohivyo upande wa Tanzania, kwa hiyo maji ya karibu na midomo ya mito hiyo huwa na chumvi pungufu.

Hata ukichagua namba sahihi, haikai yenyewe. Maji hukauka, chumvi hubaki: lita 200 za 35 zikipoteza lita 10, umefika karibu 37. Kinachojaziwa hapo ni maji yasiyo na chumvi. Na kifaa nacho hudanganya. Kiputo kidogo cha hewa kikishika sindano ya haidromita huiinua, nawe unasoma chumvi isiyokuwepo. Rifraktomita, inayopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, ni bora, mradi irekebishwe kwa maji maalumu yenye chumvi ya 35 kamili, kwa kuwa inaweza kusoma sifuri sawasawa kwenye maji safi na bado ikakosea huko juu unakopimia.