Nani aliibiwa kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani?

Brian Bowen alikuwa na miaka 18 alipotangaza, Juni 2017, kwamba atacheza kikapu Chuo Kikuu cha Louisville. Watu wa kikapu walishangaa, maana Louisville ilikuwa haitajwi sana miongoni mwa vyuo vilivyomwania. Kocha Rick Pitino alisema redioni kwamba katika miaka yake yote ya ukocha hajawahi kupata bahati kama ile.

Miezi mitatu baadaye bei ya bahati hiyo ikajulikana. Familia ya Bowen ilikuwa imeahidiwa dola 100,000, zilipwe kwa mafungu, na watu wa Adidas, kampuni inayoivalisha Louisville. Kati ya hizo baba yake alitiwa mkononi dola 19,500. Pitino alikana kujua lolote, akafukuzwa kazi hata hivyo. Kijana hakuwahi kucheza hata dakika moja ya kikapu cha chuo. Alihama chuo, ikashindikana, akaishia kwenda kucheza Sydney, Australia. Baba yake alipopanda kizimbani kama shahidi na kuulizwa habari za mwanawe, alilia.

Jina lililotolewa kwa mambo haya, tangu siku ya kwanza, ni rushwa. Tarehe 26 Septemba 2017 waendesha mashtaka wa serikali kuu mjini New York walitangaza kukamatwa kwa watu kumi. Walikuwamo makocha wasaidizi wanne wa vyuo: Chuck Person wa Auburn, Lamont Evans wa Oklahoma State, Emanuel Richardson wa Arizona na Tony Bland wa Southern California. Alikuwamo James Gatto, mkubwa wa Adidas upande wa kikapu, na mwenzake Merl Code. Alikuwamo Christian Dawkins, kijana wa miaka 24 aliyekuwa na ndoto ya kufungua kampuni yake ya uwakala. Waliobaki walikuwa mtu wa fedha, mtu wa timu za vijana, na fundi cherehani mmoja (naam, fundi cherehani) anayewashonea suti wachezaji. Mkubwa wa FBI mjini New York akawaambia wengine wote waliojificha: kitabu chenu cha mbinu tunacho.

Nimeifuatilia kesi hii kwa miaka, na kinachonikera kwenye mijadala yake ni kwamba pande zote mbili hutupa kila kitu kwenye kapu moja. Wanaoilaani husema wote ni wala rushwa. Wanaoitetea husema wote walikuwa wanalipa tu kilichostahili kulipwa. Ukweli ni kwamba zilikuwa kesi mbili, na fedha za aina mbili.

Ya kwanza ni fedha zilizokwenda kwa familia za wachezaji ili kijana achague chuo fulani. Hii ndiyo kesi ya Gatto, Code na Dawkins, iliyoisha Oktoba 2018 kwa wote watatu kutiwa hatiani. Kosa lenyewe kisheria halikuwa rushwa bali ulaghai kwa njia ya mawasiliano. Na mlalamikaji, aliyehesabiwa kuwa ameibiwa, alikuwa nani? Chuo kikuu.

Tuwasikilize waendesha mashtaka kwanza, kwa sababu hoja yao si ya kitoto. Ufadhili wa masomo ni mali. Chuo hutoa mali hiyo kwa mchezaji anayethibitisha kwamba yuko safi kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na kanuni za wakati huo zilikataza mchezaji au ndugu zake kupokea malipo ya kucheza. Ukimlipa baba kwa siri, ukapitisha fedha kwa ankara za uongo, chuo kinatoa ufadhili kwa mtu ambaye kingejua habari zake kisingempa, na juu ya hapo kinaingia kwenye hatari ya faini na kunyang'anywa ushindi. Kuna jambo jingine ambalo watetezi hulipita haraka: kuna makocha waliokaa kwenye sebule za watu bila bahasha, wakanyimwa wachezaji na wenye bahasha. Hao nao ni watu.

Upande wa utetezi haukukana kwamba fedha zilitoka. Ulisema tu: tulitaka kuisaidia Louisville ipate mchezaji mzuri, tutailaghaije? Ukitazama hesabu, swali hilo lina uzito. Mwaka huohuo wa 2017 Louisville na Adidas zilitangaza mkataba wa dola milioni 160 kwa miaka kumi. Haki za kuonyesha mashindano ya Machi, yale ya kuwania ubingwa wa vyuo, zilikuwa zimeuzwa kwa kampuni za televisheni za CBS na Turner kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kisha zikaongezwa hadi 2032 kwa bilioni 8.8 nyingine. Katika mto huo wa fedha, aliyekatazwa kuchota hata kwa kikombe ni yule anayeruka na kufunga. Kisha kikombe kimoja kinapochotwa, anayelia kuibiwa ni mwenye mto.

Mahakama ya Rufaa ilithibitisha hukumu hiyo Januari 2021. Jaji mmoja kati ya watatu alitofautiana na wenzake juu ya ushahidi: aliona baadhi ya mazungumzo ya simu yaliyonaswa hayakupaswa kufichwa kwa jopo la raia lililoamua kesi, kwa kuwa yangeweza kuonyesha washtakiwa waliamini nini kuhusu matakwa ya vyuo. Kwangu mimi hapo ndipo kesi ilipopwaya. Kama makocha walikuwa wanataka wachezaji hao na hawaulizi wamepatikanaje, basi ulaghai huo ulikuwa na wabia kila upande wa meza.

Kisha wakati ukaichezea kesi. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa kwa sifuri, iliiambia NCAA katika kesi ya Alston kwamba sheria za ushindani wa biashara zinaihusu kama zinavyowahusu wengine. Siku kumi baadaye wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 jaji wa California aliidhinisha makubaliano ya kuwalipa wachezaji wa zamani takriban dola bilioni 2.8, na kuviruhusu vyuo kugawana mapato na wachezaji wao moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Gatto alihukumiwa miezi tisa, wenzake miezi sita kila mmoja, kwa kiasi ambacho leo mchezaji wa kiwango cha Bowen angekiona kidogo.

Watanzania wanaokumbuka uchaguzi wa 2000 na wa 2005 wanaijua hali hii, ila kwa mwelekeo wa kinyume. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na jambo hilo likaitwa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinapingana na Katiba, na sahani ileile ya pilau ikarudi kuitwa hongo. Marekani ilichokuwa hongo kimegeuka mshahara. Katika nchi zote mbili wali haukubadilika ladha.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wanaosema basi wote walionewa. Kwa sababu kuna zile fedha za aina ya pili.

Makocha wasaidizi wanne hawakushtakiwa kwa kulipa wachezaji. Walishtakiwa kwa kulipwa ili wawaelekeze wachezaji wao, watakapoanza kulipwa kama wachezaji wa kulipwa, kwa wakala fulani au mshauri fulani wa fedha. Person alipokea dola 91,500, Evans 22,000, Richardson 20,000, Bland 4,100. Tafakari kazi ya kocha msaidizi. Ndiye anayempigia mama simu kila wiki, ndiye anayemchukua kijana uwanja wa ndege, ndiye anayejua kijana hana fedha ya kuwaleta wadogo zake kwenye mechi. Kijana anamwita kocha, lakini anamsikiliza kama mjomba. Mjomba akishachukua chake pembeni, ushauri wake umekwisha kuuzwa kabla hujauliza swali.

Na kijana anauzwa kwa nani? Shahidi aliyeifungulia serikali mlango wa upelelezi huu ni Marty Blazer, mshauri wa fedha wa Pittsburgh aliyekuwa amechukua zaidi ya dola milioni 2 za wateja wake bila idhini, miongoni mwao wanamichezo, akazitumia pamoja na mambo mengine kutengeneza filamu. Alipobainika, akakubali kushirikiana. Mtu wa aina hiyo ndiye ambaye kocha angepewa bahasha ili amsifie mbele ya mama wa mchezaji. Hii haikuhalalishwa 2021 wala 2025, na sioni ni lini itahalalishwa. Hii ndiyo rushwa ninayoijua: umepewa dhamana, umeiuza.

Hata hivyo haki haikutembea wima hapa pia. Fedha nyingi zilikuwa za FBI, zikitolewa kupitia Blazer na askari kanzu waliojifanya wawekezaji wenye mifuko mizito. Dawkins aliiambia mahakama kwamba kuwalipa makocha aliona ni upuuzi, na kwamba ni hao wawekezaji bandia waliong'ang'ania. Jopo halikumwonea huruma: Mei 2019 alitiwa hatiani tena, safari hii kwa rushwa hasa, akapata mwaka mmoja na siku moja. Afisa mmoja wa FBI katika upelelezi huo alicheza kamari Las Vegas na dola 13,500 za serikali, naye baadaye akakiri kosa. Hakuna mchekeshaji ambaye angethubutu kutunga hilo.

Na tazama nani alinaswa. Hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyefunguliwa mashtaka. Makocha wasaidizi wote wanne ni weusi. Evans na Richardson walikaa gerezani miezi mitatu kila mmoja, na NCAA ikawapiga wao na Person miaka kumi ya vikwazo. Pitino alikwenda Ugiriki, akarudi, na sasa anafundisha chuo cha St. John's. Will Wade, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana aliyenaswa kwenye simu akimweleza Dawkins habari za ofa aliyompelekea mchezaji mmoja, alifukuzwa mwaka 2022 na ilipofika 2023 alikuwa na kazi nyingine ya ukocha mkuu. Kansas, chuo kingine kilichotajwa kwenye kesi hii, ilitwaa ubingwa wa 2022 huku jalada lake NCAA likiwa bado wazi. Hukumu ilipokuja Oktoba 2023 ilifutiwa ushindi wa michezo 15 ya msimu wa 2017/18. Louisville ilipigwa faini ya dola 5,000. Elfu tano! Kuna watetezi wa mashtaka wanaosema dagaa hukamatwa kwanza ili wawataje papa. Dagaa walikamatwa. Papa wanaendelea kuhojiwa, lakini na watangazaji wa televisheni baada ya mechi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Tangu Hasheem Thabeet atoke Dar es Salaam, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA wa 2009, kila mwalimu wa michezo mwenye mwanafunzi mrefu anaijua njia hiyo. Wengi waliopita humo wamepita salama. Ila njia ni ndefu, na ina madalali. Kijana wa miaka 15 au 16 hupelekwa sekondari ya Marekani, anapewa mlezi asiye ndugu yake, na kuanzia hapo huyo mlezi ndiye anayezungumza na vyuo.

Ruhusa mpya ya malipo nayo haikumfikia vizuri. Mwanafunzi wa kigeni yuko Marekani kwa viza ya masomo, na viza hiyo inambana asifanye kazi ya kulipwa apendavyo. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2022, akiichezea Kentucky. Timu ilipokwenda Bahamas Agosti ile kwa michezo ya kirafiki, alitumia siku hizo za nje ya Marekani kufanya kazi zake za matangazo. Mchezaji bora wa nchi nzima, na ilibidi avuke bahari ndipo achume. Unapobana njia halali kiasi hicho, ya uani haikosi wapitaji.

Silvio De Sousa, kijana wa Angola, alichagua kwenda Kansas mwaka 2017, mwaka uleule simu zilipokuwa zinanaswa. Mlezi wake alipokea dola 2,500 kutoka kwa mtu aliyefanya kazi na Adidas na kukubali ahadi ya dola 20,000 nyingine. NCAA ilimfungia mchezaji misimu miwili. Baada ya rufaa ikabaki mmoja. Mlezi si mchezaji wala si mwajiriwa wa chuo, kwa hiyo kanuni za NCAA hazikuwa na adhabu ya kumpa. Msimu wa 2018/19 De Sousa aliutazama akiwa benchi.