Ndugu Anapokuwa Mdai

Undugu ni kufaana, si kufanana. Hata hivyo, tangu wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walipokutana Bandung, Indonesia, mwaka 1955, lugha ya ushirikiano wa nchi za Kusini, yaani nchi zinazoendelea, imeegemea zaidi kwenye kufanana: sote tulitawaliwa au kuonewa na wakubwa walewale, kwa hiyo tutaelewana. Lugha hiyo bado inasikika Beijing, New Delhi na Brasília kila viongozi wa huko wanapowakaribisha wenzao wa nchi zinazoendelea, ilhali hali iliyoizaa imekwisha kubadilika.

Maneno hayo yaliwahi kuwa na uzito. Benki ya Dunia ilipokataa kugharimia reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam kwa hoja kwamba haitalipa, China, ambayo yenyewe ilikuwa nchi maskini, ilitoa mkopo usio na riba, ikapeleka mafundi wake kwa maelfu, na kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikajengwa. Zambia ilihitaji njia ya kusafirisha shaba yake bila kupitia Rhodesia ya walowezi, ambayo leo ni Zimbabwe. China nayo ilihitaji marafiki, na mwaka 1971 kura za nchi za Afrika ziliisaidia sana kupata kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Hata wakati ule, basi, ulikuwa mpango wa kufaana, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Zambia hiyohiyo ilishindwa kulipa riba ya hati fungani zake za kimataifa, yaani mikopo iliyochukua kwa wawekezaji wa nje, Novemba 2020. Iliomba nafuu kupitia Mfumo wa Pamoja wa G20, utaratibu wa kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa wa kupanga upya madeni ya nchi maskini, ikaundwa kamati ya serikali zinazoidai chini ya uenyekiti wa pamoja wa China na Ufaransa, na makubaliano ya kupanga upya deni la takriban dola za Marekani bilioni 6.3 yakafikiwa Juni 2023. China ndiyo iliyokuwa ikidai sehemu kubwa zaidi, zaidi ya bilioni 4. Miaka miwili na nusu ni muda mrefu kwa serikali isiyojua mwakani italipa kiasi gani, na katika muda wote huo kumbukumbu ya reli haikuharakisha lolote. Siwaungi mkono wanaodai kwamba mikopo hii ni mtego uliotegwa makusudi, kwa maana wamiliki wa hati fungani, wengi wao wakiwa mifuko ya uwekezaji ya Magharibi, walichelewa kukubaliana hata kuliko China. Ninachosema ni chepesi zaidi: mdai ni mdai, awe amesoma historia ya Bandung au hajaisoma.

Ahadi zenyewe zinatuambia hivyo, tukizisoma mpaka mwisho. Katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Beijing Septemba 2024, zilitangazwa yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu, na tarakimu hiyo ndiyo iliyobebwa na vichwa vya habari. Ndani yake, bilioni 210 ni mikopo, bilioni 80 ni misaada ya aina mbalimbali, na bilioni 70 ni uwekezaji wa kampuni za China. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa mgawanyo huo ulitajwa waziwazi.

Si China peke yake. Oktoba 2020, India na Afrika Kusini ziliongoza hoja katika Shirika la Biashara Duniani ya kutaka hakimiliki za chanjo na dawa za UVIKO-19 zisitishwe kwa muda, hatua ambayo bado naiona kuwa mojawapo ya kauli bora za mshikamano katika karne hii. Miezi michache baadaye wimbi la pili liliikumba India, nayo ikazuia chanjo zake zisitoke nje ya nchi, na mataifa maskini yaliyokuwa yakizitegemea yakabaki yakingoja. Serikali yoyote ingewatanguliza watu wake, na ndiyo maana haikuwa busara kuitegemea India kana kwamba haina watu wake.

Kuna pia mfuko wa akiba ya dharura wa dola bilioni 100 wa BRICS, kundi la Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, uliokubaliwa Fortaleza, Brazil, mwaka 2014 na kusifiwa kuwa mbadala wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanachama anaweza kuchukua asilimia 30 tu ya kiwango anachoruhusiwa kukopa bila kuwa na mpango wa mkopo na shirika hilohilo. Wakopeshaji wapya wanataka dhamana kama wa zamani.

Hata hivyo, sitaki nchi zinazoendelea zijitenge na mataifa haya. Zinayahitaji, na ushindani kati ya wakopeshaji huzipa nafasi ya kuchagua. Nataka zijadiliane nayo jinsi mkopaji anavyojadiliana na mdai. Uchambuzi wa mikataba 100 ya mikopo ya China, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta vifungu vya usiri katika kila mkataba uliotiwa saini tangu mwaka 2014. Umoja wa Afrika umeketi kama mwanachama wa G20 tangu mkutano wa New Delhi wa mwaka 2023, lakini mikopo bado hujadiliwa na nchi mojamoja, mlango ukiwa umefungwa, na mawaziri wa fedha wa nchi mbili jirani wanaokopa kwa mdai mmoja hawana njia rasmi ya kujua mwenzao amekubali riba gani.