Yesu wa kwenye mkanda mbona Mzungu?

Pasaka juzi hapa mtaani kwetu Igoma, Mwanza, walitundika shuka ukutani wakaonyesha ile filamu ya Yesu ya 1979, ile iliyoingizwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, basi dogo mmoja akaropoka "mbona Yesu Mzungu?" watu wakamguna hapo hapo. Mi naona kauliza la maana. Yule ni Brian Deacon, Mwingereza, na waigizaji wengi waliomzunguka ni Waisraeli, yaani Petro na wenzie wamepigwa jua kama wavuvi wa mwaloni Kirumba halafu bwana wao kama kashuka jana kutoka London.

Wanaotetea nao wana hoja. Wanasema imani haikai kwenye ngozi, na kila watu humchora kwa sura yao. Kweli, Afrika Kusini walitoa filamu 2006, Son of Man, Yesu mweusi kabisa. Na hapo Bujora, Kisesa, padri David Clement alijenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Wasukuma, mbona hatulalamiki? Sasa Mzungu akimchora wake kosa liko wapi?

Ila mi hapo ndo nakwama. Ukiingia Bujora unajua kabisa hii ni sanaa, hakuna anayetoka pale akidhani Yesu kazaliwa Kisesa. Sinema haiji hivyo, inaingia kichwani kama picha ya pasipoti, tena huyu wa kwetu anaongea Kiswahili safi, utabishaje? Hata Mel Gibson 2004 kwenye filamu yake The Passion of the Christ alishtukia, akamgeuza Yesu wake Jim Caviezel macho ya bluu yawe kahawia kwa kompyuta na pua akambandika ya bandia, wakati angetafuta tu mtu wa kule kule yakaisha. Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya bwana, si wa London wala si wa Igoma. Yule Yesu wa tamthilia ya The Chosen, Jonathan Roumie, baba yake ni wa Misri, angalau wamesogea.

Mama ana picha sebuleni, macho ya bluu yanakufuata hadi jikoni. Nikamwambia mama huyo ni Robert Powell, muigizaji wa Uingereza, kaigiza Yesu 1977. Akaiangalia weee, akasema, "Ila kamfanana." Nikamuuliza kamfanana nani, ulimwona wapi? Akanituma maji.