Kampuni ndogo kugeuka shirika: piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Swali hili huzuka Kisumu kila mfadhili anapotangaza ruzuku na kuandika kwenye masharti kwamba kampuni za kibiashara zisijisumbue. Tuseme ni kampuni ya wanahisa wawili wanaouza vichujio vya maji Nyalenda na kufundisha familia kuvitunza. Kazi yao haina tofauti na ya mashirika yasiyo ya faida, ila cheti chao kina hisa. Basi wanauliza: tuigeuze?

Kwa kweli hakuna kugeuza. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu kampuni ya binafsi kuwa ya umma, na ya umma kurudi kuwa ya binafsi, lakini haina mlango wa kutoka kwenye hisa kwenda kwenye dhamana, ambako wanachama hawana hisa bali huahidi tu kulipa kiasi fulani kampuni ikifungwa. Unasajili chombo kipya: kampuni ya dhamana isiyo na hisa, kupitia eCitizen, au shirika chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kisha unahamisha mali, mikataba na wafanyakazi, na mwisho unaifunga ya zamani. Ni kuhama nyumba, na kila aliyewahi kuhama anajua vyombo huvunjikia wapi.

Hoja nzito ya kugeuka ni moja tu, ruzuku. Ikiwa anayekunywa maji hawezi kulipa bei kamili ya kichujio, lazima mwingine amlipie, na mwingine huyo hapendi kumpa pesa mtu anayeweza kugawana faida na mwenzake. Kwa maoni yetu, gharama zisipofidiwa hata nusu na wateja, kubaki kampuni ni kujichosha.

Hoja ya kodi ndiyo hupotosha watu. Chukua mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka na matumizi ya milioni 7.4. Faida ni 600,000, na kodi ya asilimia 30 ni 180,000. (Wakikaa kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, inayokatwa kwenye mauzo yote badala ya faida, watalipa 240,000, kwa hiyo ni heri waombe kodi ya kawaida.) Hizo 180,000 ndizo zote zinazoweza kuokolewa. Tena msamaha hauji na cheti cha usajili. Unaombwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa shughuli za kuondoa umaskini au dhiki, elimu au dini. Hata ukiupata, faida ya biashara husamehewa tu ikitumika yote kwa lengo hilo, na biashara yenyewe iwe sehemu ya kutekeleza lengo au ifanywe hasa na wanufaika. Vichujio vilivyouzwa kwa hoteli za Dunga vitazua maswali. PAYE (kodi ya mishahara), makato ya SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 vinabaki palepale.

Wafanyakazi nao wana hesabu yao. Kenya haina sheria inayomhamisha mfanyakazi moja kwa moja mwajiri anapobadilika. Ama mtie saini makubaliano ya pande tatu yanayobeba miaka yake ya kazi, ama mumwachishe kwa kufuata taratibu: notisi ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa kazi, na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili. Watu wanne wa mshahara wa 24,000 waliofanya kazi miaka mitano, kwa mwezi wa siku 30, ni 240,000. Kodi ya mwaka mzima uliyotaka kuokoa imekwisha, na zaidi.

Zabuni za kaunti zilizopatikana kwa cheti cha AGPO (mpango wa kutengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu zabuni za serikali) nazo ziko hatarini, kwa sababu cheti hicho hupimwa kwa umiliki wao wa asilimia 70, na shirika lisilo na hisa halina mmiliki wa kupimwa.

Panapoumiza zaidi ni pesa za waanzilishi. Wengi waliingiza akiba zao bila karatasi, leo 50,000 ya kodi ya duka, kesho 200,000 ya pikapu. Kabla hamjahamisha hata kiti kimoja, mkaguzi wa hesabu aziandike kama mkopo wa wakurugenzi, na mkataba utiwe saini. Kampuni inaweza basi kuliuzia shirika mali kwa bei iliyothaminiwa na kuwalipa waanzilishi mkopo wao. Zikiingia kama mchango, zimekwenda: shirika haligawi chochote kwa wanachama, na likifungwa mali huenda kwa shirika jingine lenye malengo kama hayo. Msitegemee ruzuku kulipa deni hilo. Wafadhili wengi hukataa, kwa hiyo lilipwe na mapato ya mauzo.

Kwa wengi, tungependekeza kampuni ibaki na shirika dogo lisimame kando yake, lenye akaunti yake ya benki na bodi ambayo wengi wake hawamo kwenye kampuni. Shirika linunue vichujio kwa kampuni kwa bei iliyoshindanishwa na wauzaji wengine wawili. Mpango huu huharibika pale watu walewale wawili wanapotia saini pande zote mbili za ankara. Mkaguzi wa mfadhili huanzia hapo.

Mkiamua kuhama kabisa, msiiache kampuni ya zamani ikilala kwenye sajili. Hadi ifutwe, inadaiwa marejesho ya kodi kila mwaka hata kama haikuuza kitu, miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kuisha, na faini ya kuchelewa haipungui shilingi 20,000.