Ukungu kwenye filamu, pumzi ya mgonjwa

Kutoka Liwale msimu wa mvua kwenda mjini kutafuta CT scan ya kifua, ile picha ya mionzi inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, si jambo la kuamkia tu. Gari likizama, wenye nguvu wanashuka kusukuma, mgonjwa kabaki siti ya nyuma anahema. Ndiyo maana huku kusini swali la kama picha ya kifua inafaa kupima ukali wa nimonia ya virusi haliwahusu wataalamu wa mionzi peke yao. Lina nauli ndani yake.

Wanaoitetea picha wana hoja nzito. Virusi vikishuka mapafuni, vifuko vya hewa huvimba na kujaa majimaji, na kwenye CT scan sehemu hizo huonekana kama kioo kilichoshika ukungu. Wakati wa UVIKO-19 ukungu huo ulipewa alama: mapafu yaligawanywa sehemu tano, kila moja ikapewa alama 0 hadi 5 kwa kadiri ukungu ulivyoenea, jumla 25. Huko Brescia, Italia, walitumia eksirei ya kawaida: maeneo sita, kila moja 0 hadi 3, jumla 18. Waliopata alama za juu ndio waliokuwa hatarini zaidi kuzidiwa na kufa. Tena alama hurahisisha makabidhiano. Daktari wa usiku akimwambia wa asubuhi "jana 6, leo 11", hahitaji kueleza zaidi.

Lakini picha na mgonjwa si kitu kimoja. Kwenye meli ya Diamond Princess, mwaka 2020, abiria 76 walioambukizwa bila dalili yoyote walipigwa CT scan. Zaidi ya nusu walikutwa na ukungu mapafuni, na wao wenyewe hawana habari. Kinyume chake kipo pia. Huko Hong Kong mwaka huohuo, karibu theluthi ya wagonjwa eksirei yao ya kwanza ilikuwa safi. Mabadiliko ya picha mara nyingi hufikia kilele siku ya kumi hivi tangu dalili zianze, kwa hiyo filamu ya eksirei, ikiwa safi siku ya pili, isimlaze mtu usingizi. Na kwetu kuna kovu la kifua kikuu cha zamani, kuna nimonia ya wenye VVU ambayo nayo huleta ukungu uleule. Alama za Brescia hazikuulizi umewahi kuugua nini.

Basi tuishie kwenye oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu? Ni rahisi, kinabebeka, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu UVIKO-19 kuwa kali kwa mtu mzima oksijeni ikishuka chini ya 90 kwa mia. Hapo ndipo nasita. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa kikisoma 92 hadi 96, karibu wagonjwa 12 kati ya 100 wenye ngozi nyeusi walikuwa chini ya 88 damu yao ilipopimwa; kwa weupe walikuwa kama 4. Kati yetu hapa Mtwara, nani asiyehusika? Bado sijataja piko ya harusi kwenye kucha, nayo inayoweza kukidanganya kifaa.

Mfikirie bibi wa Newala. Oksimita inasema 94. Unamwamkia, "marahaba" yake inatoka vipande viwili, pumzi katikati. Unahesabu kifua kwa dakika nzima: pumzi 34, nyingi kupita kawaida. Kwa huyu eksirei ya hospitali ya wilaya ina thamani kubwa. Ikionyesha weupe chini pande zote mbili, oksijeni na rufaa havingoji kesho. Sasa mweke kando yake kijana anayekohoa tangu juzi, katoka kupuliza salfa kwenye mikorosho, anapumua vizuri, 97, anapanda ngazi bila shida, ila ndugu wanataka "kipimo kikubwa". Huyo CT scan ingempa mionzi makumi ya mara zaidi ya eksirei, na dawa zisingebadilika. Jopo la kimataifa la madaktari wa picha za kifua, Fleischner, lilisema karibu hivyo Aprili 2020: mwenye dalili nyepesi asipigwe picha ila akiwa katika hatari ya kuzidiwa; anayezidi kuwa mbaya apigwe.

Picha, kwa maoni yangu, iitwe pale ambapo kifaa na pumzi havikubaliani, au daktari akiwa na uamuzi unaoweza kubadilika.

Kuna njia ya tatu isiyozungumzwa sana, ultrasaundi. Mashine ileile ya wajawazito hupitishwa maeneo 12 ya kifua, alama hadi 36, kitandani, bila mionzi. Haioni tatizo lililojificha ndani mbali na ukuta wa kifua, lakini nimonia ya virusi hupenda pembezoni. Shida ni mkono wa kuishika. Kituo kikiwa na mmoja tu aliyefundishwa, siku akienda likizo mashine inafunikwa kitambaa.